Taa ya Njano Ilipozimika

Msomaji, juma lililopita uliniacha nimesimama kwenye gereji ya fundi Ercan, kofia mkononi, kama mtu anayengoja daktari atoke chumba cha upasuaji.

Kwa yule anayeanza nami leo: naitwa Gotthilf Rapp. Nilikuwa fundi mitambo kiwandani, sasa nimestaafu, na ni mtu wa sala. Miaka saba iliyopita, siku niliyoaga kazi, nilinunua gari nililolitamani tangu ujana. Gari la kifahari, la dizeli, buluu iliyokoza, viti vya ngozi, na injini tulivu kiasi kwamba ukiwa ndani unasikia saa yako ya mkononi.

Mke wangu Irmtraud aliomba jambo moja tu kuhusu gari hilo. Nimpeleke baharini, kule kaskazini, kwa dada yake Roswitha. Kila mwaka nilimjibu, "Mwakani." Sikutaka kulichosha gari.

Pasaka hii aliliweka sanduku lake kubwa kwenye ujia wa nyumba, akasema, "Nikifika miaka sabini kabla hujanipeleka, nitakwenda kwa treni. Na sitarudi."

Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa Jumatano. Ijumaa ya kabla yake taa ya njano iliwaka kwenye dashibodi, na gari likashindwa kupanda kilima cha kanisa.

Ercan akatoka chini ya gari akijifuta mikono.

"Mzee Rapp, gari lako limekabwa koo."

"Na nani?"

"Na wewe."

Nikadhani anatania. Ercan hutania sana. Amezaliwa mtaa wa nyuma ya nyumba yetu, babake alifanya kazi na mimi kiwandani, na tangu akiwa mdogo hajawahi kuniheshimu vizuri.

"Sikiliza," akasema. "Humu kwenye bomba la moshi kuna kichujio. Kinakamata masizi yasitoke nje. Yakijaa, gari linayachoma lenyewe. Lakini ili yaungue, lazima bomba lipate moto, moto wa safari ndefu. Wewe gari hili unakwenda nalo wapi?"

"Kanisani."

"Kilomita ngapi?"

"Mbili. Kwenda na kurudi, nne."

"Na kwingine?"

"Alhamisi, kwenye kikundi cha sala, kwa Ndugu Immanuel."

"Ndugu Immanuel si anakaa pale kwenye kisima?"

"Kilomita moja na nusu," nikasema.

Ercan akaingiza kichwa ndani ya gari, akasoma namba, akatoka akiwa ameshika kiuno.

"Elfu tatu! Miaka saba, kilomita elfu tatu! Shemeji yangu mwenye teksi anazimaliza hizo kwa wiki tatu."

"Nimelitunza."

"Umelitunza hadi linakufa. Mzee, hii ni dizeli. Huyu ni mbwa wa kuchunga kondoo, wewe umemfunga sebuleni juu ya zulia na kila Jumamosi unamchana nywele."

Ni kweli, kila Jumamosi nililisafisha. Nililifuta kwa kitambaa cha ngozi laini, na ndani ya vijitundu vya rimu nilipitisha mswaki. Nililifunika kwa shuka. Majirani walisema hakuna gari kama la Rapp kutoka hapa hadi mjini.

"Dawa yake?" nikauliza.

"Barabara kuu. Kilomita mia moja bila kusimama, ulikanyage vizuri, mpaka taa izimike yenyewe. Ukikaa wiki nyingine, kichujio kimekwisha, na injini inaweza kukifuata."

"Mia moja kwenda wapi?"

"Popote! Nenda Uswisi ukanunue chokoleti. Mpeleke mama baharini."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikauliza polepole, "Kama ningekuwa nampeleka baharini kila mwaka, mara moja tu kwa mwaka?"

"Mara moja tu isingetosha. Lakini mtu anayekwenda baharini na mkewe huenda na kwingine, siyo? Lingekuwa linaimba leo."

Mnaweza kudhani moyo uliniuma. Haukuniuma. Mnajua sindano ya daktari wa meno? Unagusa shavu lako, unajua ni lako, lakini halikujibu. Ndivyo nilivyokuwa. Nilimwomba aniandikie maagizo kwenye karatasi, kwa kuwa napenda mambo yaliyoandikwa. Akaandika, nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye droo ya dashibodi.

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya Bi Haug, jirani yetu wa ghorofa ya juu, kufagia ngazi na kando ya barabara. Alikuwa ameegemea ufagio.

"Bwana Rapp, gari halijafutwa leo? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, Bi Haug."

Nikaingia jikoni. Irmtraud alikuwa akimenya viazi.

"Mama," nikasema, "Jumatatu tunakwenda baharini."

Kisu kikasimama.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Roswitha ni mgonjwa?"

"Mzima."

"Wewe ni mgonjwa. Gotthilf, nitazame. Daktari kakwambia nini?"

"Sijakwenda kwa daktari."

"Basi nani kakwambia?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningesema, fundi kaniambia. Maneno mawili tu. Badala yake nikasema, "Nimeomba juu ya jambo hili."

Nilikuwa nimeomba kweli. Usiku mzima nilikuwa nimepiga magoti. Lakini niliomba juu ya kichujio.

Irmtraud akakaa kwenye kiti, akajifunika uso kwa aproni. Mabega yakawa yanatikisika. Miaka arobaini na minne ya ndoa, nilikuwa nimemwona akilia mara tatu. Hii ilikuwa ya nne, na nilisimama kando ya jiko nikitazama maganda ya viazi.

Alipomaliza akaenda kwenye ujia, akalikokota lile sanduku kubwa hadi chumbani. Nikasikia linafunguliwa.

"Unafungua nini?" nikaita.

"Natoa vitu," akajibu, sauti bado ina machozi. "Hili lilikuwa la kuhama. La matembezi ni lile dogo."

Nikakaa pale alipokuwa amekaa yeye. Kiti kilikuwa bado na joto.

Jumapili hatusafiri. Jumatatu saa moja asubuhi Irmtraud alisimama mbele ya mlango na kofia ya kanisani, sanduku dogo, kapu la mikate ya kusokotwa yenye siagi, bakuli la saladi ya viazi, na chupa ya kahawa ya moto. Vituo vya barabarani hatuli. Kapu lenyewe alilisuka mwenyewe, au ndivyo nilivyojua, katika darasa la jioni anakokwenda kila Jumanne tangu mwaka juzi.

Bi Haug alikuwa dirishani.

"Mnakwenda wapi mapema hivi?"

"Baharini!" Irmtraud akapaza sauti mpaka njiwa wakaruka. "Mume wangu ananipeleka baharini!"

"Na hilo gari?" akauliza Bi Haug.

"Na hili gari!"

Tukavaa sapatu. Gari langu lina sheria, na sheria haikulegezwa siku ile: viatu vya nje haviingii. Kila mmoja ana sapatu zake za sufu. Unakaa pembeni ya kiti, unavua kiatu, unakung'uta, unakitia kwenye mfuko, ndipo unazungusha miguu ndani. Mkwe wangu wa kwanza alikataa, hajapanda tena.

Tukaingia barabara kuu. Nikakanyaga.

Sikuwahi kulikanyaga lile gari. Ndugu zangu, lilikuwa jambo la kutisha na zuri. Kwanza lilikohoa, likasita kama mtu anayeamshwa. Kisha likainua kifua, likaondoka. Malori yakabaki nyuma kama yameegeshwa. Irmtraud akaimba wimbo wa tenzi, ubeti wa kwanza hadi wa sita, huku akipiga goti lake kwa kiganja.

"Kumbe linakimbia!" akasema. "Gotthilf, kumbe muda wote lilikuwa linajua kukimbia!"

Mimi nilitazama barabara, na taa ya njano. Barabara, taa. Barabara, taa.

"Roswitha anaoka keki," akasema. "Nimemwambia asiweke zabibu kavu, huzipendi."

"Vizuri."

"Nikifika nitavua soksi. Mbele ya watu. Usiniambie kitu."

"Sitasema kitu."

"Na wewe utavua."

Tulipita mji wa Heilbronn. Kwenye kilomita ya tisini na mbili, taa ya njano ikazimika.

Haikupiga kelele. Ilikuwepo, haikuwepo.

"Asante, Bwana," nikasema kwa sauti.

"Amina," akasema Irmtraud, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu.

Sasa ninakuja kwenye lile nililoanzia kuandika habari hizi zote. Nimelisema mbele za Mungu, nalisema na mbele yenu. Hakuna aliyenisukuma. Hakuna aliyenishauri. Mke wangu alikuwa na mkono juu ya mkono wangu, na chini ya mkono wake kidole changu kiliinuka, kikawasha indiketa ya kulia.

Nilifikiri nini? Nilifikiri: limepona. Nilifikiri: bado kilomita mia sita na zaidi, na hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi inakula chuma. Nilifikiri mchanga kwenye zulia. Hayo tu. Mtu angeuona moyo wangu wakati ule angedhani ni stoo ya vipuri.

Indiketa ikawa inalia, tik, tik, tik.

"Unataka msalani?" akauliza.

"Hapana."

"Mafuta?"

"Tanki limejaa."

"Basi tunatoka kwa nini?"

Tulikuwa tumeshafika juu ya njia ya kutokea. Kuna mzunguko pale: ukienda kushoto unapita chini ya daraja na kurudi kusini, nyumbani. Ukivuka moja kwa moja unaingia tena kaskazini. Kando yake kuna kituo cha mafuta na uwanja mpana wa malori. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nikaegesha mbali na malori, ili mtu asifungue mlango wake ukagonga wangu.

"Gotthilf."

"Ngoja kidogo."

"Gotthilf, unatoa jasho. Ngoja nikupe leso." Akafungua droo ya dashibodi.

Leso hazikuwepo. Karatasi ilikuwepo, yenye jina la gereji na tarehe.

Akavaa miwani. Akaisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti, kama anavyosoma neno la siku mezani kwetu.

"'Kuchoma masizi. Kilomita mia moja, bila kusimama, mwendo wa kasi. Popote.'" Akanigeukia. "Popote, Gotthilf. Ercan kaandika popote."

"Ndiyo."

"Ya Ijumaa iliyopita."

"Ndiyo."

"Na Jumamosi ukaniambia umeomba."

"Niliomba."

"Uliomba nini?"

Nikatazama pale taa ilipozimika.

"Nakuuliza swali moja," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Ercan angesema gari linapona kwa kuzungushwa kijijini, ungenileta?"

Mimi ni mtu wa sala. Nilikuwa nimedanganya kwa kunyamaza, lakini sijazoea kudanganya kwa mdomo.

"La," nikasema.

"Na sasa tulikuwa tunarudi."

"Taa imezimika," nikasema. Mnielewe, nilidhani nauelezea mkasa.

Irmtraud akavua miwani. Machozi yalikuwa yanashuka bila sauti, moja likadondoka kwenye ngozi ya kiti. Nililiona. Nikaona na doa lake.

Mume mwingine angefanya nini? Angemkumbatia. Angepiga magoti palepale kwenye lami. Mimi nilibadilisha sapatu, nikavaa viatu vyangu, nikashuka, nikatoa kitambaa cha ngozi kwenye buti la gari, nikaanza kufuta wadudu waliokufa kwenye taa za mbele. Wadudu wa barabara kuu wakikauka hawatoki.

Nilikuwa nimeinama kwenye taa ya pili niliposikia mlango mmoja unafungwa, kisha mwingine. Kisha kiti cha dereva kikalia, mmm, kikisogezwa mbele. Kiti kile hakikuwahi kusogezwa. Kilikuwa kimewekwa kwa miguu yangu siku ya kwanza, na mtu wa duka alisema gari litakumbuka.

Nikainuka. Irmtraud alikuwa nyuma ya usukani. Ufunguo niliuacha kwenye kisahani kati ya viti, mahali pake pa siku zote.

Injini ikawaka.

Dirisha likashuka.

"Toka mbele ya gari, mume wangu."

"Irmtraud, hujaendesha tangu binti yetu Annerose azaliwe!"

"Naendesha kila Jumanne."

"Jumanne unakwenda kusuka vikapu!"

"Kwa mwalimu wa udereva. Mwaka mzima na nusu. Nilijua itafika siku hutaki, nikajiandaa."

"Na kapu?"

"Nililinunua sokoni."

Nikatazama ndani, miguuni pake. Alikuwa amezunguka gari kwa sapatu. Zilikuwa zimelowa, na sufu imeshika vijiwe vya lami, na sasa ziko juu ya zulia langu la mbele. Nami nikasema, Mungu anisamehe, nikasema:

"Umekanyaga nje na sapatu."

Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akila soseji kwenye ngazi ya lori lake akaacha kutafuna.

Irmtraud aliniangalia muda mrefu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwangalia mamake hospitalini, mwishoni, mama huyo alipokuwa hamtambui tena mtu.

"Nakwenda baharini," akasema. "Kwa gari letu, kama nilivyosema. Nafasi ya kando yangu iko wazi. Nahesabu hadi kumi."

"Mama, tuzungumze."

"Moja."

Nikazunguka upande wa abiria. Nilitaka kuingia. Aminini, nilitaka. Nikafungua mlango.

"Mbili. Tatu."

Viatu vyangu vilikuwa na matope.

Mkono wangu haukuniuliza. Uliteremka wenyewe. Nikasimama kwa mguu mmoja, nikafungua kamba ya kiatu cha kushoto.

"Nne. Tano. Gotthilf, ingia tu."

"Naingia, naingia."

"Sita."

Kiatu cha kushoto kikatoka. Nikakikung'uta mara mbili.

"Saba." Sauti yake ikapasuka. "Ingia na kiatu! Nane."

Cha kulia nilikuwa nimekifunga fundo mara mbili asubuhi ile, kwa ajili ya safari ndefu.

"Tisa."

Kati ya tisa na kumi alikaa sana. Nililisikia lile pengo. Lingetosha mtu kuketi. Lingetosha mtu kuomba radhi. Mimi nilikuwa natafuta ncha ya kamba kwa kucha.

"Kumi," akasema, polepole, kama mtu anayemwekea mwingine kitu mezani.

Mlango ukanichomoka mkononi, ukajifunga wenyewe kwa ule mlio laini niliokuwa nikiwasifia watu. Gari likaondoka bila kutikisika. Aliendesha vizuri. Aliendesha vizuri kuliko mimi.

Koti langu lilikuwa limetundikwa ndani, na simu humo, na pochi humo. Nilibaki na soksi moja kwenye lami iliyolowa, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, na kitambaa cha ngozi begani.

"Babu!" yule wa lori akaniita. "Huyo mkeo?"

"Ndiyo."

"Kimbia basi, unangoja nini?"

Nilitaka kuomba. Miaka yote hii maneno hayajawahi kunikosa. Nikafungua mdomo, hapakuwa na kitu, ila baridi ya lami iliyopanda kwenye soksi hadi kwenye goti. Kilikuwa kitu cha kwanza kunigusa tangu Ijumaa.

Gari likafika kwenye mzunguko. Taa nyekundu za nyuma zikawaka. Likasimama.

Upande wa kushoto lori refu lilikuwa linapita, taratibu, na tela lake. Labda alikuwa analipisha lori lipite. Labda alikuwa ananingoja. Kutoka nilipokuwa, mbili hizo zinafanana.

Lori likamaliza kupita. Taa nyekundu zilikuwa bado zinawaka.

Nikadondosha kiatu.